Je, Wajua? Maajabu ya Visikilizi vya Bei Mbaya

Pembeni ya stendi ya daladala, visikilizi vya masikioni vinauzwa shilingi elfu tano. Kwingineko duniani ipo jozi ambayo bei yake inanunua pikipiki mpya na chenji inabaki. Zote mbili zinaishia kwenye tundu lilelile la sikio. Kati ya bei hizo mbili kuna sayansi, historia na vituko vya kumwacha mtu mdomo wazi. Hivi hapa baadhi yake, na ukivimaliza utajua cha kuangalia kabla hujatoa pochi.

Bei haina sikio

Bei ya hedifoni haikuambii lolote kuhusu ulinganifu wa sauti yake. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa hedifoni 283, zikiwemo za kuchomeka sikioni. Aliangalia jinsi kila moja inavyogawa besi, sauti za kati na sauti nyembamba, akaweka kando yake bei ya dukani. Uhusiano haukuonekana. Pesa ya ziada hununua vitu vya kweli, kama bodi imara, waya unaobadilishika na kazi ya mkono, lakini sauti tamu inaweza kuwemo na inaweza isiwemo.

Dola 20 zilizotikisa soko

Mwaka 2022 kampuni ya Moondrop ya Chengdu, China, ilitoa visikilizi vya waya viitwavyo Chu kwa takriban dola 20. Mwaka huohuo 7Hz nao wakaleta Salnotes Zero kwa bei ya aina hiyo, na wapenzi wa sauti waliozoea kulipa mara kumi zaidi wakageuza shingo. Kwa mnunuzi hii ni neema, maana sasa ana pa kuanzia. Sikiliza kwanza jozi nzuri ya dola 20, kisha mwambie muuzaji wa jozi ya dola 1,000 akuonyeshe tofauti kwa masikio yako mwenyewe.

Besi ndani ya nusu kijiko

Spika yenye upana wa milimita 7 inaweza kukupa besi ambayo sebuleni ingedai spika pana kama ungo. Siri iko kwenye hewa. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye dari la mita 2.5 ina hewa ya sentimita za ujazo milioni 50. Kati ya kisikilizi na ngoma ya sikio hubaki kama 2 tu, yaani chini ya nusu ya kijiko cha chai, na hewa kidogo hivyo husukumika bila shida. Sharti ni moja: tundu lizibwe kabisa. Mwanya mdogo ukibaki, besi inatorokea hapo, nawe utakilaumu kiwanda bure.

Filimbi uliyozaliwa nayo

Tundu la sikio lako ni filimbi. Lina urefu wa takriban sentimita 2.5, limefungwa upande mmoja na ngoma ya sikio, na kwa umbo hilo linakuza lenyewe sauti za karibu hezi 3,000, eneo linalobeba uwazi wa maneno. Ukichomeka kisikilizi, filimbi hiyo inavurugika. Ndiyo maana fundi hodari huinua sauti za eneo hilo kwa makusudi ili arudishe kile alichokiziba. Asipoinua vya kutosha, mwimbaji anasikika yuko chumba cha pili. Akizidisha, sauti ya kike inachoma.

Kulia si pacha wa kushoto

Si ajabu mtu akahitaji kimpira cha kisikilizi cha saizi ya kati sikio la kulia na kidogo la kushoto, kwa kuwa matundu mawili ya mtu mmoja hayalazimiki kulingana. Visikilizi vingi vya bei ya juu huja na vimpira vya saizi tatu au zaidi ndani ya kifuko, na wenye navyo wengi hawajawahi kukifungua. Fanya hivi: vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza kisikilizi ukikizungusha kidogo, cheza wimbo wenye besi, halafu kibonyeze taratibu. Besi ikiongezeka, kimpira ni kidogo au kimekaa upande. Badilisha mpaka kubonyeza kusilete tofauti.

Tafuna, sikio linageuka

Kila unapofungua mdomo, tundu la sikio hubadilika umbo, kwa sababu kiungo cha taya kiko mbele yake kabisa. Weka ncha ya kidole cha mwisho sikioni, tafuna, utahisi ukuta ukicheza. Hapo ndipo visikilizi vya kutengenezewa mtu mmoja vinapopata kazi. Mtaalamu huchungulia sikio kwa taa, husukuma ndani kipande cha sponji chenye uzi ili kuikinga ngoma ya sikio, kisha hulijaza tundu silikoni laini kwa bomba la sindano na kusubiri dakika chache igande. Mteja akiwa mwimbaji, hupewa kitu cha kuuma ili mdomo ukae wazi muda wote huo. Kifaa kilichopimwa mdomo ukiwa umefumbwa huanza kuvuja hewa pale pale anapoingia kwenye kiitikio.

Sikio linaloleta kikohozi

Kuna watu ambao ukigusa ndani ya sikio lao, wanakohoa. Tawi la neva ya vagasi, ileile inayoshuka hadi kwenye mapafu, moyo na tumbo, hupita kwenye ngozi ya tundu la sikio, na ubongo hudanganyika ukadhani koo ndilo lililoguswa. Zaidi ya hayo, theluthi mbili za ndani za tundu ni ngozi nyembamba iliyolala juu ya mfupa, na kitu kigumu kikifika huko kinauma. Kwa hiyo uzito, umbo na kina cha kuingia vichunguzwe sawasawa na sauti. Jozi inayouma baada ya nusu saa hurudi kwenye boksi lake, hata iwe na sauti ya peponi.

Kutoka kiti cha ndege hadi sikioni

Ile sponji inayobonyea polepole na kurudi polepole ilibuniwa mwaka 1966 kwa ajili ya viti vya ndege. Aliyeibuni ni mhandisi Charles Yost, akifanya kazi ya shirika la anga la Marekani, NASA. Leo sponji za jamii hiyo huvalishwa kwenye ncha za visikilizi: unaibinya kwa vidole iwe nyembamba, unaiingiza, unaishikilia mpaka ivimbe na kujaza kila kona. Huzuia kelele vizuri na haibani. Gharama yake ni kwamba hupunguza kidogo ung'avu wa sauti nyembamba na huchakaa mapema, ilhali kimpira cha silikoni unakiosha na maisha yanaendelea.

Kwa nini sauti yako inavuma

Ziba masikio yote mawili kwa vidole, kisha useme "mama": sauti yako itavuma hadi ikushtue. Mtetemo wake hupita kwenye mifupa ya kichwa na kufika kwenye kuta za tundu la sikio. Kwa kawaida hutoka nje na kupotea, lakini ukiziba mlango hubaki humo. Ndiyo sababu ya kusikia nyayo zako ukitembea na meno yako ukila karanga. La kushangaza ni kwamba kuchomeka ndani zaidi hupunguza mvumo huo, kwa kuwa sehemu ya ndani ni ya mfupa na haitikisiki kama gegedu la nje. Kuupitisha waya juu ya sikio nako hupunguza mikwaruzo ya waya na shati.

Mzee wa mwaka 1891

Visikilizi vya kuchomeka sikioni vina umri wa zaidi ya miaka 130. Mhandisi Mfaransa Ernest Mercadier alipewa hataza ya Marekani mwaka 1891 kwa jozi iliyokusudiwa watu wa simu. Ilikuwa na uzito wa chini ya gramu 50, na ncha zake zilivikwa mpira ili zisikwaruze mlango wa sikio. Kabla ya redio, kabla ya santuri kuenea, mtu huyo alikwisha kung'amua kwamba kifaa cha sikioni kinachouma hakina mteja.

Jikoni kwa Baldwin

Jeshi la Majini la Marekani liliwahi kununua hedifoni zilizotengenezwa jikoni. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah aliwaandikia wanamaji barua kwa wino wa zambarau, akawapelekea jozi ya majaribio. Wakaijaribu, wakashangaa, wakaagiza zaidi. Baldwin akawajibu kwamba anaweza kutengeneza kumi tu kwa mpigo, kwa kuwa karakana yake ilikuwa meza ya jikoni. Ndani ya hedifoni zake kulikuwa na kipande cha chuma kilichosawazishwa katikati ya sumaku, kikitikiswa na koili. Wazo hilohilo, likiwa limepunguzwa hadi milimita chache, ndilo linaloimba leo ndani ya visikilizi vingi vya maelfu ya dola.

Deni kwa wasiosikia

Spika ndogo ndani ya visikilizi vingi vya kifahari zilizaliwa ili kuwasaidia watu wenye usikivu hafifu. Kampuni ya Knowles ya Illinois, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilizipunguza hadi zikaweza kuingia kwenye shimesikio linalojificha nyuma ya sikio. Mead Killion, aliyefanya kazi Knowles kwa miaka mingi, alianzisha kampuni yake ya Etymotic Research mwaka 1983, na mwaka 1991 akatoa ER-4, visikilizi vya muziki vilivyoingia ndani kabisa ya tundu na kuzuia kelele kwa zaidi ya desibeli 30. Warithi wake wangali wanauzwa hadi leo. Ni simu ngapi za mwaka 1991 unazoweza kusema hivyo juu yake?

Mpiga ngoma aliyetaka kusikia

Mwaka 1995 mpiga ngoma wa bendi ya rock alichoshwa na kelele za jukwaani, na kampuni nzima ikazaliwa. Alikuwa Alex Van Halen wa bendi ya Van Halen. Fundi mitambo wake, Jerry Harvey, akamtengenezea visikilizi vilivyochongwa kufuata sikio lake, wanamuziki wengine wakavitamani, na kampuni ya Ultimate Ears ikasimama. Mwaka 2008 Logitech iliinunua kwa dola milioni 34. Siku hizi ukimwona mwimbaji wa injili au wa bongo fleva na waya unaoshuka nyuma ya shingo, anasikiliza ala na sauti yake mwenyewe bila kushindana na maspika yaliyomzunguka.

Kumi na nane kwa moja

Upande mmoja tu wa visikilizi vya U18t vya 64 Audio una spika 18. Bei yake ni karibu dola 3,000. Sennheiser nao mwaka 2021 wakaleta IE 900 kwa takriban dola 1,300, ikiwa na spika moja kila upande, ya milimita 7. Zote mbili zina mashabiki wanaoapa kwa jina lake! Spika nyingi hugawana kazi, hizi besi na zile sauti nyembamba, lakini zinadai saketi ya kuzipangia zamu. Spika moja haina wa kugombana naye, ila inabeba mzigo wote. Muuzaji akianza kukuhesabia spika, msikilize kwa adabu, kisha uombe kusikiliza muziki.

Madini ya darubini ya angani

Visikilizi vya A8000 vya kampuni ya Final ya Japani vina kiwambo cha beriliamu, madini yaleyale yaliyotengenezewa vioo vya darubini ya anga ya James Webb. Beriliamu ni nyepesi na ngumu kupindukia: sauti hupita ndani yake kwa karibu kilomita 13 kwa sekunde, huku hewani ikienda mita 343 tu. Kiwambo cha hivyo husukuma hewa bila kujikunja. Vumbi lake ni sumu kwa mapafu, hivyo kukitengeneza kunahitaji uangalifu mkubwa, ingawa msikilizaji hana cha kuogopa. Hapo angalau unajua sehemu ya zile dola 2,000 imekwenda wapi.

Chipu inayoimba

Tangu mwaka 2023 unaweza kununua visikilizi ambavyo sauti zake nyembamba zinatolewa na kipande cha silikoni cha aina inayotengenezewa chipu za kompyuta. Kampuni ya xMEMS ya California ndiyo yenye teknolojia hiyo, na Creative wakaitia kwenye Aurvana Ace kwa takriban dola 130. Haina sumaku wala koili: umeme ukipita, silikoni yenyewe inapinda na kusukuma hewa. Kwa kuwa zinatoka kiwandani kama chipu, ya kushoto na ya kulia hufanana mno, na masikio hupenda sana mapacha wa namna hiyo.

Volti 200 jirani na sikio

Mwaka 2015 Shure walileta KSE1500, visikilizi vinavyohitaji volti 200 ili viimbe. Badala ya koili, kiwambo chembamba chenye chaji huning'inia kati ya bamba mbili na kuvutwa huku na huku na umeme. Mkondo wake ni mdogo mno, hivyo hakuna wa kupigwa shoti, lakini huwezi kuvichomeka kwenye simu. Viliuzwa pamoja na amplifaya yao, jumla dola 2,999. Visikilizi vya kawaida ni kinyume chake: miliwati 1 hutosha kuvifanya vipige kelele za zaidi ya desibeli 100, na taa ndogo ya wati 5 inakula umeme huo mara 5,000. Kabla hujauziwa amplifaya, jaribu kwanza simu yako.

Kichwa kisicho na ubongo

Sauti ya visikilizi unavyotamani huenda ilipimwa kwanza na sikio la mpira. Mwaka 1972 Knowles walimzindua KEMAR, sanamu lenye kichwa, mabega na masikio yaliyotokana na wastani wa vipimo vya watu wazima wa kike na kiume, na maikrofoni mahali pa ngoma ya sikio. Maabara duniani bado zinawatumia KEMAR na wadogo zake. Ile michoro ya mistari inayopanda na kushuka kwenye matangazo hutoka kwa sanamu kama hizo. Isome, inasaidia, lakini kumbuka kwamba wewe si wastani.

Sauti kubwa ni mwongo mzuri

Cheza wimbo uleule mara mbili, wa pili uongeze sauti kidogo tu: wengi watasema wa pili ni mtamu zaidi. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walionyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa. Sauti ikiwa ndogo, besi hufifia kuliko sauti za kati, na ukiongeza, besi inarudi. Kwa hiyo jozi inayopiga kwa nguvu zaidi hushinda dukani hata kama ni duni. Kabla hujalinganisha mbili, shusha ile yenye nguvu mpaka zilingane. Hatua hiyo moja itakuokolea pesa nyingi.

Wimbo uliofundisha MP3

Mfumo wa MP3 ulinolewa kwa sauti ya mwanamke anayeimba bila ala. Mjerumani Karlheinz Brandenburg alitumia "Tom's Diner" ya Suzanne Vega kupima kama mfumo wake wa kubana sauti unafanya kazi, kwa sababu sauti tupu ya binadamu haina pa kuficha kasoro. Wewe nawe beba mtihani wako. Chagua wimbo wa taarabu unaoujua kwa moyo, usikilize kama kanuni na fidla zinatengana, kama dumbaki lina ngozi au linadunda tu, na kama pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti inasikika. Wimbo usioufahamu hauwezi kukuambia kilichopotea.

Hewani kuna foleni

Santuri ya CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde, lakini Bluetooth ya kawaida hupitisha kama 328 tu. Mfumo wa LDAC wa Sony hufika 990, mradi simu na visikilizi vyote viwe nao. Kubana huku kumekuwa kwa ustadi hata wengi hatutambui tofauti tukiwa barabarani. Jambo zito zaidi ni betri. Ndani ya visikilizi visivyo na waya mna betri ndogo inayochoka baada ya miaka kadhaa, na mara nyingi haibadilishiki. Pini ya waya, kinyume chake, ni ya ukoo wa pini za mitambo ya simu ya karne ya 19. Waya unaochomoka ukikatika, unanunua waya, visikilizi vinabaki.

Sikio linajifagia

Ngozi ya ndani ya sikio husafiri yenyewe kutoka kwenye ngoma kuelekea nje, kwa mwendo unaokaribia ule wa kucha kukua, ikibeba nta na vumbi. Vijiti vya pamba huirudisha nta ndani, na visikilizi vinavyovaliwa kutwa nzima huweza kuiziba njia. Upande mmoja ukianza kufifia, usikimbilie kwa fundi. Tazama kwanza kile kichujio kidogo cha wavu kwenye ncha: mara nyingi utaikuta nta imekaa pale. Futa kwa brashi kavu huku ncha ikitazama chini, vimpira vioshe kwa maji na sabuni, uviache vikauke.

Desibeli 3, nusu ya muda

Kila sauti inapopanda desibeli 3, muda salama wa kusikiliza hupungua nusu. Kwa hesabu ya taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, desibeli 85 ni saa 8, 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki, na linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa usikilizaji wa hovyo. Ndani ya matatu yenye honi na injini, mtu huongeza sauti ili ashinde kelele. Jozi inayoziba vizuri inaikata kelele kwanza, nawe unashusha. Hiyo ndiyo sababu bora kuliko zote ya kulipa zaidi kidogo.

Kuku anatushinda

Kuku akipoteza usikivu kwa kelele, seli zake za kusikia huota upya. Binadamu hana bahati hiyo. Kila sikio lako lina takriban seli 15,000 zenye vinyweleo, zenye uwezo wa kunasa mtikisiko wa ngoma ya sikio ulio mdogo kuliko kipenyo cha chembe ya haidrojeni, na inayokufa haina mbadala. Basi ukienda kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli, au ukinunua mtandaoni, anza na hilo. Beba nyimbo zako, jaribu vimpira vyote, linganisha kwa kiwango kimoja cha sauti, vaa kwa nusu saa kama muuzaji atakubali, na uchague jozi inayokuwezesha kusikia kila kitu sauti ikiwa chini.